Kusimamia vifaa vya ujenzi kwa simu: kuanzia makadirio hadi mfuko wa mwisho wa saruji

Nyumba nyingi za watu binafsi hapa Tanzania hujengwa kwa awamu, na mwenyewe akiwa mbali. Kiwanja kipo Chanika, yeye anashinda ofisini Posta. Kiwanja kipo Dodoma, yeye anafanya kazi Mwanza au Muscat. Pesa inatumwa kwa simu, fundi au ndugu ananunua, kisha siku moja unaingia ujumbe wa sauti: "Bosi, saruji imeisha." Imeishaje, imekwenda wapi, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika, hata fundi mwaminifu.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na pia wa fundi au mkandarasi mdogo aliyechoka kushukiwa. Programu kubwa za makampuni ya ujenzi naziacha, kwa kuwa nyumba ya vyumba vitatu haizihitaji. Simu moja ya Android yenye kamera nzuri, bando, WhatsApp, Google Sheets, futi kamba na mizani ya kidijitali vinatosha.

Unachotafuta ni namba nne kwa kila kifaa: kilicholipiwa, kilichopokelewa, kilichotoka stoo, na kilichopaswa kutumika kwa kazi inayoonekana kwa macho. Wengi wanaishia namba ya tatu. Ya nne ndiyo inayosema kweli. Simu haimzuii mtu kubeba mfuko usiku, ila inakufanya ujue Jumamosi hii badala ya kujua wakati wa kupaua.

Hatua ya 1: Yageuze makadirio kuwa jedwali

Kama una BOQ (orodha ya vifaa na kazi pamoja na kiasi chake) kutoka kwa mkadiriaji majenzi, muombe faili la Excel, si PDF peke yake. Kama huna, kaa na fundi wako mpige hesabu hatua kwa hatua: msingi, jamvi (sakafu ya zege), kuta, lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), kupaua, plasta, umaliziaji. Usikubali jumla ya nyumba nzima, kwa mfano "saruji mifuko 400". Namba ya namna hiyo haikusaidii kukagua chochote hadi nyumba iishe, na ikishaisha hakuna cha kukagua.

Hesabu za msingi si ngumu. Zege ya uwiano wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula mifuko 6.3 hivi ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo, pamoja na mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88. Jamvi la mita za mraba 100 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 10, kwa hiyo tarajia mifuko 63, mchanga 4.4 na kokoto 8.8, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya upotevu. Zege ya 1:3:6, ile ya chini ya msingi, hula mifuko 4.4 hivi kwa mita ya ujazo. Matofali ya inchi 6 hesabu 9 hadi 10 kwa mita ya mraba ya ukuta, pamoja na yatakayovunjika.

Ziweke namba hizi kwenye laha moja ya Google Sheets uipe jina "Makadirio", yenye safu nne tu: hatua ya ujenzi, kifaa, kipimo, kiasi. Fundi aione. Makadirio yanayofichwa yanageuka mtego, na fundi akishahisi ametegwa hatakupa taarifa yoyote ya kweli.

Hatua ya 2: Tengeneza laha tatu zinazobaki

Ya kwanza ni "Manunuzi": tarehe, kifaa, kiasi, bei, duka, namba ya muamala. Ya pili ni "Mapokezi": tarehe, kifaa, jina la aliyepokea, kiasi kilichofika. Ya tatu ni "Matumizi": tarehe, kifaa, kazi kilikokwenda, kiasi kilichotoka.

Hapa kuna jambo dogo linaloharibu majedwali mengi. Leo mtunza stoo ataandika "saruji", kesho "simenti", keshokutwa "Twiga" kwa jina la kampuni, na jedwali litadhani ni vifaa vitatu tofauti. Kwa hiyo safu ya kifaa iwekee orodha ya kuchagua, mtu asiruhusiwe kuandika anavyotaka. Amueni mapema pia kipimo: saruji ni mifuko, nondo ni vipande vya mita 12, mchanga ni mita za ujazo. Neno "trip" liondoeni kabisa, kwa sababu trip ya kirikuu na trip ya Fuso ni vitu viwili tofauti.

Salio linajihesabu lenyewe. Kwenye laha ya tano, "Salio", orodhesha vifaa kwenye safu ya A, kisha kwenye B2 andika:

=SUMIFS(Mapokezi!D:D, Mapokezi!B:B, A2) - SUMIFS(Matumizi!D:D, Matumizi!B:B, A2)

Ishushe fomula hiyo hadi chini. Inachukua kiasi chote kilichopokelewa cha kifaa husika na kutoa chote kilichotoka. Kwa hiyo hakikisha kwenye laha zote mbili kifaa kipo safu ya B na kiasi kipo safu ya D, usizichanganye.

Ongeza safu ya kiwango cha kuagiza. Kama mnatumia mifuko 12 kwa siku na duka huchukua siku 2 kuleta mzigo, mifuko 24 ndiyo ya kukuvusha. Weka na akiba ya 10, jumla 34. Salio likishuka chini ya hapo, kisanduku kigeuke chekundu, na Google Sheets inaweza kupangwa ifanye hivyo yenyewe. Mafundi sita kukaa chini ya mwembe kusubiri saruji nako ni kupoteza vifaa, maana posho yao ya siku ile ingenunua mifuko kadhaa.

Saiti ikiwa haina mtandao, tumia KoboCollect. Ni ya bure, inajazwa bila intaneti, inachukua picha na mahali simu ilipo, kisha inatuma mtandao ukipatikana. Kuitengeneza fomu kunachukua jioni moja. Kumzoesha mtunza stoo kunachukua wiki, na wiki hiyo usiiruke.

Hatua ya 3: Nunua kwa njia inayoacha alama

Lipa dukani moja kwa moja kwa lipa namba au benki, usilipe kupitia mfuko wa dereva wala wa fundi. Namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo iingie kwenye "Manunuzi" siku hiyohiyo. Usimbane fundi kwa bei pia: omba bei za maduka matatu kwa WhatsApp, kwa maandishi, ukitaja aina na daraja. "Saruji bei gani?" si swali. Uliza saruji ya 42.5 au ya 32.5, kampuni gani, na je, bei hiyo ni pamoja na kufikisha saiti?

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Ina msimbo wa QR, na ukiuskani kwa simu unapelekwa kwenye ukurasa wa TRA unaoonyesha kama risiti hiyo ni ya kweli na ilitolewa kwa kiasi gani. Risiti ya mkono inaweza kuandikwa na yeyote. Kwa bati, ankara itaje unene kwa milimita, si geji peke yake, kwa sababu geji moja haitoki na unene uleule kwa kila mtengenezaji.

Lori la mchanga au kokoto likiwa njiani, muombe dereva akutumie WhatsApp mahali alipo mubashara kwa saa moja au saa nane. Halihitaji kifaa chochote cha kufungwa kwenye gari. Madereva wengi hawana shida na hilo ukiwaambia kabla ya kupakia badala ya baada.

Hatua ya 4: Mapokezi, hapa ndipo pesa inapotea

Kwa uzoefu wangu upotevu mkubwa hauji kwa wizi wa usiku. Unaingia mchana kweupe, getini, kwa mzigo uliofika pungufu au dhaifu huku kila mtu akisaini kwamba umefika. Kwa hiyo nguvu zako ziweke hapa kuliko kwenye kamera za ulinzi.

Kwanza picha. Kila mzigo upigwe picha nne: namba ya gari, mzigo ukiwa bado juu ya gari, mzigo ukiwa umeshushwa, na hati ya mzigo. Programu za kamera zinazochapa tarehe na mahali juu ya picha zipo nyingi na za bure. Lakini saa ya simu inaweza kurudishwa nyuma, na picha ya mwezi uliopita inaweza kutumwa leo. Dawa yake ni rahisi. Kila asubuhi mwenye nyumba anatuma kwenye kundi la WhatsApp la saiti namba yoyote ya tarakimu tatu, na namba hiyo iandikwe kwa chaki kwenye ubao unaoonekana ndani ya kila picha ya siku hiyo.

Jambo jingine kuhusu WhatsApp: ukituma picha kwa kawaida, taarifa zilizofichwa ndani yake, kama mahali na muda ilipopigwa, huondolewa. Itume kama hati na zitabaki.

Sasa vifaa vyenyewe.

Nondo ndiyo kifaa kinachodanganya zaidi kwa sababu macho hayawezi kutofautisha milimita 12 na milimita 11. Mizani inaweza. Kanuni yake: kipenyo kwa milimita zidisha kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Ya milimita 12 ni 12 × 12 ÷ 162, yaani kilo 0.889 kwa mita. Kipande cha mita 12 kiwe na kilo 10.67 hivi. Ya milimita 10 ni kilo 7.4 kwa kipande, ya 16 ni kilo 19 hivi. Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza inayofika kilo 50 inatosha, funga nondo katikati kwa kamba, inua, soma. Kama mizani haipo, kata mita moja kamili kutoka kwenye kipande mtakachokikata hata hivyo, na upime kwa mizani ya dukani: ya 12 isome gramu 889 hivi. Tofauti ya asilimia 4 au 5 viwango vinaivumilia. Lakini kipande cha mita 12 kikisoma kilo 9, umeuziwa nondo ya milimita 11 kwa jina la 12, na mhandisi aliyeichora nguzo yako hakuichorea hiyo. Pima urefu pia, maana kuna zinazouzwa fupi. Kuhesabu tani nzima, piga picha ya vichwa vya nondo. Zipo programu kama CountThings zinazohesabu kutoka kwenye picha. Tani moja ya milimita 12 ni vipande 94 hivi.

Saruji iangaliwe uso wa mfuko: daraja, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na tarehe kama imechapwa. Pima mifuko michache uliyochagua wewe, si aliyochagua dereva. Kisha ipangwe kwa mpangilio usiobadilika, mathalani mitano kwa urefu, miwili kwa upana, kumi kwenda juu: rundo moja ni mifuko 100, na picha moja inatosha kuihesabu ukiwa Muscat. Usizidishe kumi kwenda juu, ya chini itashikana. Iwe juu ya mbao, ukuta usiiguse, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Saruji iliyokaa miezi mitatu stoo ya Pwani yenye unyevu si saruji uliyoinunua, hata kama jedwali linaihesabu mfuko mzima.

Mchanga upimwe ndani ya gari kabla ya kumwagwa: urefu, upana na kina kwa futi kamba, picha ikionyesha futi kamba yenyewe. Bodi yenye mita 3.6 kwa 2 na mchanga wa kina cha mita 0.6 imebeba mita za ujazo 4.32. Chomeka nondo katikati upate kina cha kweli, kwani wapakiaji wanajua kuinua kingo na kuacha bonde. Kumbuka pia kwamba mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Ule laini unaweza kuongezeka ujazo kwa robo au zaidi kuliko ukiwa mkavu. Unalipia hewa. Baadhi ya iPhone za Pro zina kipimo cha leza kinachoweza kukadiria ujazo wa lundo, na kwenye miradi mikubwa hutumika droni, ambayo ina taratibu za vibali vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa nyumba yako futi kamba inashinda vyote viwili.

Bati: pima unene kwa kalipa ya kidijitali, sehemu tatu za bati moja, linganisha na milimita zilizoandikwa kwenye ankara. Dakika tano tu.

Mzigo ukiwa na kasoro, andika kwenye hati ya mzigo kabla ya kusaini na piga picha maandishi hayo. Dereva akishaondoka, hoja yako inabaki ni maneno.

Hatua ya 5: Kutoa stoo

Mtu mmoja tu ashike ufunguo, na asiwe fundi mkuu. Kila kinachotoka kiandikwe na kazi kinakokwenda: "mifuko 8, lenta, upande wa barabarani". Kuandika "mifuko 8" bila kazi ni sawa na kutoandika.

Kama mtunza stoo hapendi kuandika, mchapishie msimbo wa QR ubandikwe mlangoni. Akiuskani, fomu inafunguka ikiwa imeshajazwa jina lake, na tarehe inajiandika yenyewe akituma. Anachagua kifaa, anaweka kiasi, anatuma. Google Forms inaruhusu kutengeneza kiungo kilichojazwa tayari, na programu za bure za kugeuza kiungo kuwa QR ni nyingi. Stika za namna hiyo zinafaa pia kwa vaibreta, drili na mashine za kukodi, ambazo hutoka asubuhi bila mtu kukumbuka nani kazichukua.

Mifuko mitupu isitupwe. Ifungwe kumikumi na ihesabiwe jioni kwa picha. Ni njia ya wazee wa saiti, ya kabla ya simu, na hakuna programu iliyoishinda. Mifuko iliyotoka ikiwa 12 na mitupu ikawa 9, swali linajiuliza lenyewe.

Hatua ya 6: Hesabu ya Jumamosi

Jumamosi mchana, kabla ya kulipa wiki, mtunza stoo na fundi mkuu wahesabu stoo kwa mikono huku wakikupigia simu ya video. Namba wanayoitaja ilinganishwe na "Salio". Isipolingana, irekebishwe hapohapo kwa mstari mpya wenye maelezo. Mstari wa zamani usifutwe. Google Sheets inatunza historia ya mabadiliko yote, na kila mtu ajue hivyo.

Kisha fanya ile hesabu ya nne. Pima kazi iliyofanyika. Tuseme wiki hii mmemimina lenta yenye urefu wa jumla ya mita 45, upana sentimita 15, kina sentimita 22.5. Hiyo ni mita za ujazo 1.52. Kwa 1:2:4 ni mifuko 9.6; tukubali 10 au 11. Jedwali linasema ilitoka 15.

Usianze na neno wizi. Muulize fundi kwanza, kwa heshima, na usimuulizie kwenye kundi mbele ya vijana wake. Huenda mbao zilitanuka katikati na lenta ina tumbo, nenda kaipime. Huenda alibaki na zege akamalizia ngazi, na hakuna aliyeandika. Huenda alichanganya kwa ndoo iliyojaa kuliko inavyotakiwa. Zote hizo zinaonekana saiti. Kama hakuna hata moja inayoonekana, mifuko minne ina mtu wa kuijibia.

Na sasa geuza upande wa pili, ambao wenye nyumba hufurahia bila kujua. Jedwali linasema ilitoka mifuko 7. Umeokoa mitatu? Mita za ujazo 1.52 kwa mifuko 7 ni takriban uwiano wa 1:3:6, zege ya kutandaza chini ya msingi, sasa iko juu ya madirisha yako ikisubiri kubeba ukuta na paa. Matumizi yaliyopungua yanahitaji maswali makali kuliko yaliyozidi. Mfuko uliopotea unaununua tena. Lenta iliyokwisha kukauka ikiwa dhaifu, mwite mhandisi aikague kabla hujaweka kitu juu yake.

Fanya hivyohivyo kwa matofali na nondo. Vipande vilivyokatwa vya nondo navyo vihesabiwe: vyenye zaidi ya mita moja virudi stoo na viandikwe, vitafaa kwenye kizingiti au ngazi.

Kamera, na jinsi ya kuishi na watu

Kamera za sola zinazotumia laini ya simu zimekuwa nafuu na zinafaa saiti isiyo na umeme. Funga moja ikitazama geti na mlango wa stoo. Kuwatazama mafundi wakila mchana hakukuongezei tofali. Waambie kwamba ipo na inatazama wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa picha za watu, mbali na ustaarabu wa kawaida.

Bando la mtunza stoo lilipe wewe. Usimtake mtu atume picha ishirini kwa siku kwa vocha yake. Muongezee kitu kidogo kwa wiki ambayo hesabu imelingana, na fundi naye apewe ruhusa ya kuliona jedwali lote, si sehemu yake tu. Wapo mafundi ambao tangu waanze kuonyesha majedwali yao ya kazi zilizopita hawahangaiki tena kutafuta kazi.

Vikibaki vifaa

Nyumba ikiisha, kilichobaki kihesabiwe siku hiyohiyo kabla stoo haijabomolewa. Marini bodi na mirunda vina soko kwa jirani anayeanza kujenga. Saruji iliyobaki mgawie au muuzie haraka. Pakua nakala ya jedwali, na picha zote za risiti ziweke kwenye folda moja isiyo kwenye simu ya fundi.

Ndani ya folda hiyo ongeza picha za vitu ambavyo utavitafuta baadaye: ubavu wa boksi la vigae wenye namba ya toleo na ya rangi, kopo la rangi ya ukuta likionyesha msimbo wake wa mchanganyiko, na mabomba na nyaya kabla hazijafunikwa kwa plasta, futi kamba ikiwa imewekwa pembeni. Siku fundi bomba atakapotaka kutoboa ukuta wa bafu, mtumie hiyo ya mwisho kabla hajawasha drili.